Kitufe cha Kuanza Upya

Bwenini, 6 Oktoba 2024

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti halikusumbui sana na paka bado anakutii. Mimi sijambo, ila supu ya hapa haina chumvi na mablanketi ni mafupi. Soksi zako za sufu zimeniokoa.

Kwanza nikushukuru, nisije nikasahau. Mama alitaka niwe mfamasia. Wewe ndiye uliyemwambia aniache nije shule hii, na ningekuwa na wewe hapa ningekubusu mikono yote miwili.

Darasa letu la makadeti wa urubani tuko kumi na wanane, wasichana wanne. Ndege yenyewe, ile isiyo na injini, hatutaigusa mpaka Aprili. Kipindi chote cha baridi tunafunzwa kwa miwani ya uhalisia pepe. Unaivaa, inakuziba macho kabisa, unakaa kwenye kiti chenye usukani, na mara uko angani. Mashamba yako chini, kivuli chako kinapita juu ya mapaa, na ukigeuza kichwa unaliona bawa. Bibi, nililia. Mkufunzi wetu, Mwalimu Sobczak, alinipa leso akasema kila mwaka kuna mmoja wa kulia, na mwaka wa kwanza alikuwa yeye.

Ukianguka si neno. Unagusa kitufe kilicho pembeni, karibu na sikio, unarudi mwanzo wa uwanja na ndege nzima. Jana nilianguka mara kumi na moja.

Simu najua huzisikii, kwa hiyo nitaandika.

Mjukuu wako,
Jagoda


Wola Jaworowa, 19 Oktoba 2024

Mjukuu wangu Jagoda,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Mimi mzima, goti linalalamika mvua ikikaribia, na paka hajawahi kunitii hata siku moja.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili paka naye asikie. Sisi tulipojifunza kuruka, mwalimu alikaa nyuma yetu akitupiga kichwani kwa ramani iliyokunjwa. Nyinyi mnavaa ndoo usoni mnasema mmeruka. Haya, kuishi kwingi kuona mengi. Usinune, nakutania. Nina furaha mpaka nimemwambia postamasta, na yule hata salamu simpagi.

Humu ndani kuna uzi mwekundu wa sufu. Siku ya ndege ya kweli, ubandike nje ya kioo, mbele ya macho yako. Ukilala sawasawa katikati, unaruka vizuri. Ukienda upande, mguu wako umesinzia kwenye pedali. Wa kwangu wa mwaka 1971 ulitoka kwenye sweta hilihili la mama yangu.

Kuna jambo sijakuambia. Rubani akiruka peke yake mara ya kwanza, akishuka anainama, na kila aliye uwanjani anamchapa kofi la makalio, mwalimu kwanza, ili makalio yajifunze kuisikia hewa. Wavulana wenzangu walichapwa mpaka wakala wamesimama. Nilipotua mimi, walinipa maua na kunishika mkono. Walisema msichana hachapwi. Walidhani wananiheshimu. Maua niliwapa sungura. Niliruka nao miaka minane na hakuna siku niliyojiona mwenzao kamili.

Wewe usikubali maua.

Bibi yako


Wola Jaworowa, 22 Aprili 2025

Jagoda,

Tumsifu Yesu Kristo. Ulisema utapanda mwanzoni mwa Aprili. Pasaka imepita, hukuja, mayai yako niliyoyapaka rangi bado yapo dirishani. Mama yako anasema u mzima, na zaidi ya hapo hasemi. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Niandikie, hata iwe ya kunigombeza.

Bibi


Bwenini, 27 Aprili 2025

Bibi,

Shikamoo, na unisamehe. Goti vipi? Mimi mwili mzima. Nilinyamaza kwa sababu ya aibu.

Tarehe tisa nilipanda na Mwalimu Sobczak. Uzi wako nilikuwa nimeubandika mwenyewe. Kupanda kulikwenda vizuri, na huko juu nilisahau hata kuogopa. Tulipokuja kutua, upepo ukatusukuma pembeni na uzi ukalala upande. Nilijua la kufanya. Kwenye miwani nimelifanya mara mia nne. Lakini mkono wangu wa kulia uliachia usukani ukaenda kichwani, karibu na sikio.

Bibi, nilikuwa natafuta kitufe. Niligonga nywele zangu mara tatu ndipo nikakumbuka niko wapi.

Mwalimu alishika usukani wake, tukatua salama. Tuliposhuka aliniuliza taratibu, "Ulikuwa unatafuta nini pale?" Nikamwambia. Hakucheka. Aliyecheka ni Oliwier, kijana wa darasani kwetu, na tangu hapo nikiingia bwaloni kuna mtu anajigusa sikio.

Kamati inakaa tarehe 31 Mei. Atakayekuwa hajaruka peke yake kufikia siku hiyo anahamishiwa darasa la kawaida. Na mimi kila nikipanda sasa, mkono huo unatetemeka. Labda Mama alikuwa sahihi kuhusu dawa.

Jagoda wako


Wola Jaworowa, 3 Mei 2025

Mjukuu wangu, mpenzi wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Goti liache, leo si siku yake.

Barua ya kwanza niliyokujibu nimeichoma kwenye jiko, maana niliitukana miwani, walioitengeneza na wazazi waliowazaa. Kisha nikachemsha chai, nikafikiri. Mkono wako haukukosea. Ulifanya ulichofundishwa. Na miwani nayo si mbaya: isingekuwepo, nani angekupa mara mia nne? Mimi nilipewa ishirini na mbili. Kibaya ni kitufe.

Mwaka 1973 hewa ya kuninyanyua iliniishia, nikatua kwenye shamba la viazisukari la mzee mmoja, nikamharibia matuta manne. Nilitembea mpaka mlangoni pake kumwomba radhi. Nilingoja matusi. Alinitazama, akaingia ndani, akatoka na maziwa ya mgando kwenye kikombe cha bati. Akasema, "Kunywa, binti. Viazi vitaota tena."

Tangu siku hiyo woga wangu ulipungua, kwa sababu nilijua baada ya kosa kuna nini. Kuna kutembea, kuna kuomba radhi, na ukibahatika kuna maziwa. Wewe ukianguka unarudishwa mwanzo. Hujawahi kuuona mwisho wa kosa, ndiyo maana unautetemekea.

Mwombe mwalimu akizime hicho kitufe. Kila mruko ufike mwisho wake. Ukitua shambani, vua miwani, zunguka uwanja kwa miguu, umwombe mtu radhi, ndipo urudi kitini. Akikataa, mwonyeshe barua hii, mwambie mwandishi aliruka kabla yeye hajazaliwa.

Kosa moja haliachi mke, Jagoda. Hata rubani haliachi.

Bibi yako anayekuombea rozari kila jioni


Bwenini, 25 Mei 2025

Bibi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Nakuandikia nimesimama. Umeshaelewa? Basi soma taratibu.

Mwalimu Sobczak alisoma barua yako mara mbili, akaniomba ruhusa ya kuinakili, kisha akazima kitufe kwa darasa zima. Siku ya kwanza Oliwier alitua ziwani, ndani ya miwani. Alizunguka uwanja kwenye mvua, akaja kumwomba radhi mpishi, maana hakumwona mtu mwingine. Siku hizi mpishi anaweka ndoo ya maziwa ya mgando mlangoni, na hakuna anayejigusa sikio, kwa sababu kila mmoja amezunguka ule uwanja. Mimi nimeuzunguka mara thelathini na mbili.

Kisha Mwalimu akaanza kutukatia kamba. Unajua kamba ya winchi, ile mashine ya chini inayotuvuta juu. Ndani ya miwani aliikata bila taarifa, mara tukiwa mita thelathini juu, mara tukiwa mita mia. Unashusha pua, unatua mbele yako, unafika mwisho. Nilikatiwa mara sitini.

Juzi Ijumaa, baada ya kuruka nami kwanza, akashuka kwenye ndege ya kweli, akafunga kioo, akaniambia kiti cha nyuma ni kitupu na nisimtafute. Mruko wa kwanza nilizunguka nikatua kama ninavyotakiwa. Wa pili, mita themanini, nikasikia mlio, na mvuto ukakoma. Kamba imekatika kweli, Bibi.

Mkono wangu haukwenda popote. Nilishusha pua, nikaachia kipande cha kamba kilichobaki, uzi wako umetulia katikati, nikatua kwenye nyasi mbele yangu. Nilitoka nikatembea mpaka kwa Mwalimu na, kwa mazoea, nikamwomba radhi.

"Radhi ya nini?" akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Inama."

Alichapa yeye kwanza. Kisha darasa zima, kisha mpishi na mkono wake wa kukandia unga. La Oliwier lilikuwa kali kuliko yote, halafu akanikumbatia, akasema anasikitika kwa yale ya sikio. Mmoja alikuja na maua. Nilimwambia awapelekee sungura.

Jina langu liko kwenye orodha ya walioruka peke yao. Nimebaki. Asante kwa uzi, kwa kumshinda Mama, na kwa mzee wa viazi, Mungu amrehemu.

Mwalimu anauliza kama tunaweza kuja kukuamkia Jumapili tarehe 22 Juni, yeye na sisi makadeti wanne, Oliwier akiwemo, tukileta miwani moja. Kilima chenu, kile ulichojifunzia kuruka, tumekichora ndani yake kutoka kwenye picha zako za zamani.

Mjukuu wako,
Jagoda


Wola Jaworowa, 24 Juni 2025

Jagoda wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, goti zima, nyumba imekuwa kubwa tangu mlipoondoka. Naandika unayoyajua kwa sababu nataka yawepo kwenye karatasi.

Nilisema sitaivaa ile ndoo, na ulikuwa umeshanifunga mkanda. Kisha nikakiona kilima. Miti mliiweka upande usio wake, lakini mteremko ni uleule, na hewa ilipoanza kuninyanyua nilisahau kuwa nina goti. Nilimwita marehemu babu yako kwa jina. Mlijifanya mnambembeleza paka, nawashukuru.

Nilipinda kona chini mno, nikaingia shambani, bawa la kushoto likitangulia. Yule Oliwier, kijana mzuri, kakonda, mpeni nyama, akasahau akasema, "Bibi, kile kitufe tunaweza kukiwasha, utaanza upya."

Nikamwambia, "Mwanangu, nina miaka sabini na mbili. Nianze upya wapi?"

Nikavua miwani, nikatembea mpaka jikoni, nikaleta maziwa ya mgando kwa wote, maana mkulima hakuwepo. Niliporudi mlikuwa mmejipanga mstari, mwalimu mbele. Ukasema, "Bibi, inama."

Nilikataa. Nilisema nimetua vibaya kuliko kuku. Ukasema, "Hili si la leo. Ni la mwaka sabini na moja."

Basi nikashika meza. Mwalimu wako alichapa kwanza, kama sheria inavyotaka, na wenzako wakafuata, taratibu kama watu wanaokung'uta unga kwenye mkate. Lako peke yake lilikuwa kofi la kweli. Nakushukuru kwa hilo kuliko kwa kilima.

Leo asubuhi nimekula nimesimama. Hakuna panapouma. Nimependa tu.

Rubani mwenzako,
Bibi