Bunduki ya Nakshi

Upenja, 5 Julai 1970

Mjomba wangu Pandu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Bi Mwanakheri na wote wa hapo Mlandege. Sisi huku shamba hatujambo. Mama anakohoa kidogo kwa baridi ya kipupwe, lakini amesema nisikuandikie hilo, basi ufanye hukulisoma.

Mjomba, nimeaibika. Bora nikwambie mwenyewe kabla Borafya dereva hajakufikishia habari na chumvi yake. Unajua wasasi wenzangu walinipa mimi kuishika ile bunduki tuliyopewa na serikali kulindia mihogo, ile kongwe ya kujipakia yenyewe, ukifyatua risasi moja nyingine inapanda. Jumapili iliyopita tuliingia msitu wa Kiwengwa. Wenzangu walikwenda na mbwa na mikuki kufukuza, mimi nikawekwa mlangoni, pale penye upenyo ambapo nguruwe hutokea. Akatokea. Nikafyatua, kimya. Nikafyatua tena, kimya. Nguruwe hakusubiri nimalize. Niliitupa bunduki nikapanda mzambarau, na saruni yangu ikabaki chini. Yule mbwa mwekundu wa Jecha aliuawa pale pale chini yangu, nami namtazama.

Wanawake kisimani wameshatunga:

Uulizeni mzambarau, nani kaujia mbio?
Saruni kaacha chini, bunduki kaacha nayo.

Hata mama nimemsikia akiuimba huku anakuna nazi. Akiniona ananyamaza. Afadhali angeendelea.

Mwenyekiti wa tawi ametoa kibali bunduki ije kwenye duka lako la ufundi, na Borafya ndiye atakayeileta. Januari, sikukuu ya Mapinduzi, wasasi wa Unguja nzima wataandamana kule Amani, kwenye uwanja mpya. Nakuomba uuvue ule mti wake wa kitako uliopasuka, uutie mti mpya wa mfenesi, na rafiki yako fundi Mwalim auchore nakshi na kuupiga misumari ya shaba kama anavyofanya milango ya watu. Nataka mtu akiiona asikumbuke mzambarau.

Mpwao mwenye haya,
Simai


Mlandege, 14 Julai 1970

Mpwa wangu Simai,

Marahaba. Sote wazima, alhamdulillahi. Mwambie mama yako anywe tangawizi na aache kunificha maradhi yake, mimi ni kaka yake.

Borafya alinifikishia bunduki na wimbo pamoja. Wimbo una sauti nzuri, na mkaza mjomba wako ameushika mara moja. Usininunie. Mtu asiyetaniwa na mjomba wake ataniwe na nani?

Sasa tuseme kazi. Nimeifungua. Ina maradhi mawili, na yote yako ndani, si kwenye mti. La kwanza, chuma chote kina utando mzito uliogandana, sijui mnapaka kitu gani. La pili, springi inayosukuma risasi juu imechoka, imelegea kuliko fundo la saruni yako. Utando nitauosha. Springi mimi sina, na bunduki ya namna hii si gobore, huwezi kuichongea kitu cha kubahatisha. Yuko mtu ameahidi kunitafutia, lakini hatoipata kabla ya Januari.

Kwa hiyo uchague. Ikikaa kwangu mpaka springi ije, itapona, lakini Amani mtakwenda bila bunduki. Ukitaka Mwalim aichore, itawahi maandamano, lakini itakuja huko mgonjwa. Kukivisha chuma kibovu mti mpya ni kumvalisha mgonjwa kanzu ya Idi. Rai yangu tuitengeneze, mapambo baadaye.

Mjomba wako,
Pandu


Upenja, 22 Julai 1970

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hatujambo, mama amepata nafuu. Nimefurahi kusikia mzima.

Rai yako nimeisoma mara nyingi na ni ya kweli. Lakini mjomba, wewe unakaa mjini. Aibu yangu haikai ndani ya bunduki, inakaa machoni mwa watu. Nikipita barazani wanaulizana kama zambarau zimeshaiva. Jecha peke yake ndiye hasemi neno, na mbwa aliyekufa alikuwa wake. Nasi tumetahiriwa pamoja, tumelala jando moja. Anavyonyamaza ndivyo ninavyozidi kuona haya.

Tukikosa kwenda Amani na bunduki, itakuwa ni mimi niliyeivunja. Nakuomba uichore kwanza. Tutairudisha kwako maandamano yakisha.

Umeuliza tunapaka nini. Mafuta ya kupaka chuma hayapatikani madukani. Napaka mafuta ya nazi anayoyapika mama, safi kabisa, hayana hata tone la maji.

Mpwao,
Simai


Mlandege, 25 Oktoba 1970

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima, na tunausubiri mfungo kwa heri. Ramadhani njema kwenu nyote, na mwambie mama yako asijitie kufunga akiwa bado anakohoa.

Simai! Mafuta ya nazi! Hujamwona mama yako asubuhi za kipupwe anavyoitia chupa juani kwanza kabla ya kumpaka mtoto? Yanaganda, baba! Umeingia msituni alfajiri na bunduki imejaa mafuta yaliyoganda, kisha ukaishangaa kunyamaza. Nilicheka, halafu nikaona haya mimi, maana mafuta hayo tunayapika ukoo mzima na hakuna aliyekwambia.

Nimeiosha kwa mafuta ya taa. Sasa inakwenda. Lakini inakwenda kwa risasi ya kwanza tu. Ya pili hupanda ikitaka, springi ni ile ile.

Nimefuata ulilotaka. Mwalim amechora waridi kitakoni na mnyororo ubavuni, na misumari ya shaba imepangwa vizuri mno. Nampa Borafya akuletee, pamoja na chupa ya mafuta ya cherehani. Nakusihi: andamana nayo, usiwinde nayo.

Mjomba wako,
Pandu


Upenja, 20 Januari 1971

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Hatujambo sote. Laiti ungekuwa upande wetu wa uwanja! Wasasi wa Makunduchi walikuwa na panda za kupuliza na mbwa wengi, wa Donge walikuwa na mikuki iliyosuguliwa, lakini macho yote yalikuwa kwetu. Watu waliniuliza kama bunduki hii imetolewa kwenye nyumba ya mfalme. Mjaka, msasi mwenzangu ambaye alikuwa akiuimba ule wimbo kuliko wanawake, aliomba aishike kidogo. Nikampa, nikamhimiza asiiangushe.

Wimbo umekwisha, mjomba. Kisimani hawauimbi tena.

Waliniuliza kama imetengenezwa. Nikasema imetengenezwa. Ilikuwa furaha, na mtu hawezi kueleza habari za springi katikati ya ngoma. Kuirudisha kwako nitairudisha, lakini si sasa, nguruwe wamezidi kwenye mihogo na wenzangu wanaitaka iwe karibu.

Mpwao,
Simai


Mlandege, 2 Februari 1971

Simai,

Marahaba. Sisi hatujambo. Idi kubwa iko karibu, nakuombeeni iwe njema.

Leo sina utani. Waambie. Waite wasasi wote uwaambie kuwa mti ndio mpya na chuma ni kile kile. Mtu akijua kuwa ana mkuki tu, hukaa kama mwenye mkuki, hajifanyi shujaa. Lakini akidhani kuna bunduki nzima nyuma yake, husogea mbele. Hapo ndipo panaponitia hofu.

Wakikucheka, na wakucheke. Njia ya mwongo fupi, na hii yako fupi zaidi, inaishia msituni. Nijibu haraka.

Mjomba wako,
Pandu


Mlandege, 3 Juni 1971

Mpwa wangu Simai,

Natumai u mzima. Sijapata jibu tangu kabla ya Idi. Nilidhani ni mvua za masika na barabara, lakini mvua zimekwisha na gari linakuja kila siku. Mama yako naye haleti salamu. Namuuliza Borafya, anafuta kioo cha gari lake na kuniambia, "Watakwandikia wenyewe, Mzee Pandu."

Springi imepatikana. Iko mezani kwangu, nimeifunga kwa karatasi. Lete bunduki.

Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa barua.

Mjomba wako,
Pandu


Upenja, 28 Juni 1971

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima kwa miili, ila Jecha.

Nilikuwa naanza barua na kuichana. Sikuwaambia. Barua yako niliisoma nikaificha chini ya mkeka, nikasema nitawaambia baada ya Idi. Baada ya Idi nikasema baada ya masika. Mwishoni mwa Mei wakapiga baragumu, mihogo ya Bi Sichana ilikuwa imefukuliwa yote. Jecha alikuja kunipitia asubuhi. Aliipapasa ile nakshi, akaniuliza, "Ndugu yangu, imepona kweli?" Nikamwambia, "Nzima kama wewe."

Akenda kusimama mbele yangu, mahali ambapo hakuna msasi anayesimama na mkuki peke yake. Alisimama pale kwa sababu ya maneno yangu. Nguruwe dume alipotoka, risasi ya kwanza ilipita juu ya mgongo wake. Ya pili haikupanda. Sikukimbia mara hii, mjomba. Niliigeuza bunduki nikampiga nguruwe kwa kitako mpaka kikapasuka, na wenzangu wakaja na mikuki wakammaliza. Lakini alikuwa ameshamchana Jecha paja na goti. Hospitali ya mjini alikaa wiki tatu, na sikukwambia kuwa yuko karibu yako, kwa sababu ungekwenda kumtazama, na angekusimulia. Amerudi. Goti halikunjiki. Hatopanda mnazi tena, na kupanda minazi ndiyo kazi yake.

Sasa sikia jambo linaloninyima usingizi. Wananisifu. Wanasema bunduki ya zamani ni bunduki ya zamani, hakuna wa kulaumiwa, ila Simai alisimama. Wametunga wimbo mwingine, Simai kasimama, nguruwe kaanguka. Mama yake Jecha huniletea mkate wa kumimina. Jecha mwenyewe huniita ndugu aliyemwokoa. Nakula ule mkate, mjomba. Nakaa mbele yao naula.

Bunduki nampa Borafya akuletee, kitako kimepasuka pale kwenye waridi. Niambie la kufanya.

Mpwao,
Simai


Mlandege, 6 Julai 1971

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mkaza mjomba wako alilia, nami nilitoka nje nikajifanya natafuta patasi.

Ningekugombeza, lakini barua yako imenikuta na mimi sina uso. Ngoja nikwambie. Mwalim alipomaliza ile nakshi, niliiweka bunduki dukani pangu mahali penye mwanga, na watu wa Mlandege na Darajani wakaja kuitazama na kunipa hongera. Niliichelewesha kukuletea makusudi, waitazame zaidi. Nilijua ni mgonjwa. Nilijua pia kijana akipewa kitu kizuri namna ile hatokiacha ukutani nguruwe wakila mihogo. Neno "usiwinde nayo" niliandika ili nilale vizuri. Fundi hampi mtu chombo kibovu kisha akamsihi. Anakizuia.

Uliponiomba mwaka jana niipambe kwanza, nilikuwa mkubwa, ilikuwa haki yangu kukataa.

La kufanya unalijua. Wimbo wa mzambarau ulikuchoma, lakini ulikuwa wako. Huu wa sasa umeazima, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Ijumaa ya wiki ijayo nitapanda gari la Borafya, nije nisimame na wewe mbele ya Jecha na mama yake, niseme fungu langu nawe useme lako. Springi nimeshaitia. Imebaki mti. Nisubiri.

Mjomba wako,
Pandu


Upenja, 11 Julai 1971

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako imefika, na mama anakusalimu, anasema ukija ulete ngano maana huku hakuna.

Njoo useme lako, lakini langu usije kunishikia mkono. Nimeshalisema. Ijumaa baada ya sala, kabla watu hawajavaa viatu, nilisimama nikawaambia kuwa springi ilikuwa mbovu, kuwa wewe uliniambia mapema, na kuwa Jecha aliniuliza kwa mdomo wake nikamdanganya. Nilidhani watapiga kelele. Walivaa viatu mmoja mmoja wakaondoka, na wengine walinipita mbali kama mtu aliyetoka kushika mbwa na hajajitwaharisha. Mama yake Jecha hakuleta tena sahani ya mkate. Bunduki itashikwa na Mjaka, na hiyo ni haki. Mwambie Mwalim asijisumbue, mti wowote utafaa.

Kwa Jecha nilikwenda jioni ile, akageukia ukuta. Jana akaniita. Nilikaa chini karibu na kitanda chake, nikamwambia yote tena, pamoja na barua niliyoificha chini ya mkeka. Hakusema amenisamehe, mjomba, nisikuongopee. Chai niliyoletewa ikapoa. Mguu wake ulikuwa umenyooka juu ya mto, nami sikuwa na pengine pa kutazama.

Kisha akaanza kuimba, taratibu, kwa sauti ya mgonjwa:

Uulizeni mzambarau, nani kaujia mbio?

Akaukatisha hapo, akanitazama usoni, akasubiri.

Nikaitikia.

Mpwao,
Simai