Mtumbwi Usiopiga Hodi

Jumapili, 2 Agosti 1953

Betri imefika! Ramniklal ameileta mwenyewe kwenye lori lake la pamba. Mota ya mtumbwi ninayo tangu yule Bwana wa pampu arudi kwao Ulaya. Aliniachia kwa kuwa haikumletea samaki hata mmoja. Haili petroli, haitoi moshi, haina sauti. Umeme mtupu, na umeme ndiyo kazi yangu.

Ramniklal akauliza nataka kuvua nini. Nikamwambia sivui, naoa. Alicheka mpaka akashika lori.

Acheke tu. Bernadina yuko ng'ambo ya ghuba, mimi niko huku kwenye pampu ya maji ya mgodi. Kwa barabara ni vumbi la kutwa nzima. Kwa mtumbwi ni karibu, ila mimi ni mtu wa Samuye. Kwetu maji yanakaa kisimani. Nikishika kasia mtumbwi unazunguka palepale, na watu wanaacha kazi zao waje kutazama. Sasa basi. Kasia nimelitundika ukutani.

Leo padre ametangaza ndoa yetu mara ya pili. Limebaki tangazo moja.

Jumanne, 4 Agosti

Inakwenda! Nimekaa nimekunja mikono, kofia kichwani, mtumbwi unakwenda wenyewe. Wavuvi wawili waliacha wavu wao. Mmoja alifanya ishara ya msalaba, na najua ni Mwislamu.

Jumamosi nakwenda kwa akina Bernadina. Mama yake hajanikubali moyoni. Anasema fundi wa umeme anashika vitu visivyoonekana, basi na mke atamtunza hivyohivyo. Ataona.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimekwisha. Siandiki.

Baadaye. Naandika, maana usingizi hauji.

Kabla ya kufika kwao kuna majabali. Nyuma ya majabali wanawake huoga. Kila mtu wa ghuba hii anajua — isipokuwa mimi — kwamba ukikaribia pale unagonga kasia ubavuni mwa mtumbwi, ngo ngo ngo, unangoja uitikiwe. Ndiyo hodi ya ziwani. Mimi kasia liko ukutani. Nikakata kona kimya, mguu juu ya mguu. Na hapo mbele yangu, sabuni mpaka masikioni — Mama Bernadina.

Mkwe! Kwetu ukikutana na mama mkwe njiani unaingia porini, hata kama pori lina siafu. Nikatafuta pori. Ziwani hakuna pori. Nikajifunika uso kwa kofia, na kwa kuwa nimejifunika uso sikuiona swichi. Mota ikaendelea mbele.

Alipiga mbizi. Nimeambiwa aliibukia mbali, kwenye matete. Mimi beseni lilinipata sikioni. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Jumatatu, 10 Agosti

Jana padre alitangaza ndoa za wengine, yangu akairuka. Mama Bernadina alimwomba angoje. Kama Jumapili ijayo padre ataendelea kungoja, basi harusi hakuna. Ng'ambo kuna fundi cherehani mmoja anamsalimia Bernadina kila asubuhi, na yule kupiga kasia anajua.

Bernadina ametuma neno kwa mkono wa dereva wa lori. Anasema mama hagombi. Anapika, anafagia, amenyamaza. Mimi namjua mtu anayegomba, utamtuliza. Anayenyamaza utamshika wapi?

Jumatano, 12 Agosti

Nimeitwa barazani kwa mwanangwa Mageni, mkuu wa kijiji cha kule. Nimekwenda kwa miguu, nimetoka tangu jana jioni.

"Shikamoo, mwanangwa."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mtumbwi wa kunyata?"

Nikakiri. Watu wakaguna.

Mzee mmoja akauliza: umeme ukivuja ziwani, ngege na samaki wengine si wataiva humohumo? Nikaeleza habari ya betri na waya, vizuri kabisa, kama nilivyofundishwa. Walisikiliza kwa adabu. Kisha mwingine akauliza: wakishaiva, ni mali ya mwenye mota au ya kijiji? Wakabishana hilo mpaka kivuli kikatuhama. Mimi nikasahauliwa.

Mwisho Mageni akatoa sheria. Mwenye mota ya umeme achukue kasia, hata kama hajui kulitumia. Agonge kwenye majabali kama binadamu wengine. Asimwage maji ya betri ziwani. Na kwa kuwa mota haina sauti, mwenyewe ndiye awe sauti yake: aimbe, tangu inapowaka mpaka inapozimwa.

Nikasema, mwanangwa, mimi sijui kuimba. Kwenye kwaya ya misheni walinipa kazi ya kushika taa.

"Hatujasema uimbe vizuri, fundi. Tumesema tukusikie."

Nikauliza, na mama mkwe je? Akainuka, akachukua fimbo yake. "Ya ziwa tumemaliza. Ya mkwe baraza haliwezi. Hiyo ngoja mwenyewe aseme."

Aseme na nani, wakati mila haimruhusu kusema na mimi?

Ijumaa, 14 Agosti

Neno kutoka kwa Bernadina: njoo kesho, sikukuu ya Bikira Maria, ila uje ukisikika.

Nimefanya mazoezi kutwa, mota imewashwa kama sheria inavyotaka. Wimbo ninaoujua ni mmoja, ule wa kufukuza ndege shambani kwa Bibi. Mimi naanza: Ndege, ndege, shamba hili lina mwenyewe! Bibi anaitikia toka upande wa pili: Mwenyewe nani? Nami nataja jina: Valerian, mwana wa Limi! Basi, tena mwanzo.

Minandi wote, hao ndege wavuvi, wamehama mwambao huu. Mbwa wa mlinzi wa pampu pia hajaonekana.

Jumamosi, 15 Agosti

Naandika nikiwa katikati ya ghuba. Betri imekufa. Niliimaliza jana kwenye mazoezi, mimi fundi mzima wa umeme!

Kasia ninalo, kwa amri. Nimelijaribu, mtumbwi umezunguka, nimeliweka. Upepo unanisogeza. Unanisogeza wapi? Kwenye majabali! Kimya kimya, tena! Nimegonga ubavu mpaka kiganja kinauma, na nimeimba. Mota imezimwa, sheria hainidai, lakini nimeimba.

Baadaye. Mtumbwi umekuja kunichukua. Mbele kabisa Mama Bernadina, anapiga kasia, mgongo kwangu. Nyuma yake Bernadina na kamba.

"Mwambie mwenzio afunge kamba," mama akasema, akitazama mbele.

"Mama anasema ufunge kamba."

"Nimesikia."

"Mwambie asiseme amesikia. Sisemi naye."

Nikafunga. Tukaanza kwenda. Kasia likasimama.

"Mwambie aimbe. Akinyamaza sijui macho yake yako wapi."

Nikaimba. Kasia likaendelea. Nikinyamaza niandike, kasia linasimama, kwa hiyo naandika mstari, naimba mstari. Ndege, ndege, shamba hili lina mwenyewe—

Ameitikia! "Mwenyewe nani?" Ni sauti yake, nzito, ya mtu aliyewahi kulinda mtama. Si ya Bernadina. Bernadina ameziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika.

Sasa nitaje nani? Nikijitaja mimi, nimejisifu mbele ya mkwe, na ufukweni wanawake wote wamesimama na mabeseni yao wanasikiliza. Nikimtaja yeye, nimemtaja mkwe kwa jina, na hilo ni baya kuliko la sabuni. Nikinyamaza, hatufiki, na kesho ni Jumapili ya tangazo.

"Mwenyewe nani?" Mara ya pili, polepole zaidi. Kasia limelazwa magotini. Mgongo umenyooka, hajageuka hata kidogo.

Mama anamwambia Bernadina, akitazama mbele: "Mwambie aweke hiyo penseli, ajibu."

Hajageuka. Amejuaje kama nina penseli?