Ngitili ya Baba wameiita eneo tupu

Anisia uko wapi? Pokea simu basi!

Wamelichukua bonde letu. Nakwambia wamelichukua, na Baba ndiye kawapa kwa mdomo wake mwenyewe.

Asubuhi wamekuja wapimaji na afisa mmoja, wanatafuta pa kujenga viwanda. Bonde limejaa maji, majani yanafika kiunoni. Si unaijua ngitili yetu, masika yote hatuchungi humo, tunayatunza malisho mpaka kiangazi? Baba kailinda tangu mwaka 86, wakati ardhi ilikuwa kipara na chemchemi imekauka.

Afisa akamuuliza, "Mzee, nani analima hapa?"

Baba akajinyoosha. "Hakuna!"

"Na mifugo?"

"Hata mbuzi haingii!"

Alisema kwa fahari, Anisia. Hata mbuzi haingii! Na sisi wanakijiji wote tukapiga makofi. TUKAPIGA MAKOFI!

Yule afisa akawageukia wenzake, "Mmesikia wenyewe. Eneo halitumiki." Wakaanza kuchimbia bikoni za mipaka.

Halitumiki! Kiangazi ng'ombe wa kijiji kizima wanakunywa wapi?

Nimelia. Nimemwambia Baba tuswage ng'ombe wote waingie sasa hivi, hawa watu waone bonde lina wenyewe, kesho wanarudi na katapila. Akanitazama kama nimechanganyikiwa.

"Limi, masika hayajaisha."

Nifanye nini, mwenzangu? Namwona kutoka hapa. Kasimama na fimbo katikati ya bikoni zao, anafukuza ng'ombe wasiingie.