Alama ya Kujumlisha kwenye Kisima cha 17

Jumatatu, 3 Machi

Ramani imetoka! Imebandikwa ukutani ofisini kwa mama mdogo, kubwa kuliko mlango. Jiji zima na vitongoji vyake. Kijani — toboa. Njano — uliza kwanza. Nyekundu — usiguse. Mama mdogo anawaeleza wageni kwa mara ya mia: mita chache chini ya miguu yetu joto halibadiliki mwaka mzima, unashusha mabomba, unazungusha maji, jengo linapoa kwenye jua na kupata joto kwenye baridi. Utadhani anauza sabuni.

Kisha akanionyesha kwa kidole. Karatasi za visima vya zamani zilizotupa hizi rangi, mia mbili na ushee, zote kazichapa huyu, mtoto wa dada yangu! Ziliandikwa kwa ile lugha ya kigeni tunayofundishwa shuleni, na ofisini hakuna mwenye subira nazo. Likizo yangu nzima. Wote wakanigeukia. Nikatazama viatu.

Lakini nilifurahi. Nakiri.

Jumanne, 4 Machi

Kisima cha maonyesho ni Jumamosi, kwenye uwanja wa shule ya chekechea — ukuta mmoja na nyumba ya bibi! Meya atakuja. Bibi kauliza kama bomba litatokea chini ya kitanda chake, maana huko mvunguni ana mambo yake. Tumecheka sana.

Jumatano, 5 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tulikwenda karakana ya wachimbaji. Fundi mkuu wanamwita Tope. Anapenda stori. Akasema zamani walipima maji kuanzia mdomo wa bomba. Ukiandika tatu, maji yako mita tatu chini. Ukiona alama ya kujumlisha mbele ya tatu — kimbia, mjukuu wangu! Hayo yamebanwa huko chini, ukiyatoboa yanapanda yenyewe mpaka juu ya ardhi. Yanatoka na mchanga. Chini panabaki tundu. Nyumba inakaa upande kama mlevi.

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Halafu nikakumbuka.

Niliiona alama hiyo. Mara moja. Nilidhani mtu alikuwa anajaribu kalamu. Nikachapa 3.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipata. Kisima cha 17. +3. Maji yalikutwa mita ya thelathini na nane. Mahali: kiwanja kitupu, mkabala na tangi la maji. Mkabala na tangi la maji siku hizi ni chekechea.

Pale ni kijani kwa sababu yangu.

Na chini ya orodha niliyochapa kuna sahihi ya mama mdogo: imehakikiwa. Hakuhakiki. Aliniamini tu.

Nimejaribu kumwambia mara tatu. Mara ya tatu akaweka simu chini kabisa. Sema basi, Bi Kimya wangu, nakusikiliza. Nikasema chai inapoa. Chai! Akacheka, akanibusu kichwani. Akasema Jumamosi ikienda vizuri anaajiriwa moja kwa moja. Ikiharibika, ramani inarudi kabatini na yeye anarudi kukaa kwetu.

Nimekunja karatasi ya 17 na kuja nayo nyumbani. Hiyo ni kuiba?

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwandikia mama mdogo meseji. Nimefuta. Mara nne.

Nimemwomba bibi kesho ashinde kwetu. Akashangaa: nihame kwangu siku ya meya, na gauni nimeshalinyoosha? Una nini wewe?

Mtambo umefika. Mrefu kuliko tangi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekaa kwenye ngazi za chekechea, naandikia gotini. Watoto wamepewa kazi ya kuhesabu mita kwa sauti. Sasa hivi kumi na tisa! Meya anapiga makofi. Bibi yuko kwenye kiti cha plastiki, mgongo ukutani, gauni limenyooka.

Ishirini na mbili.

Nilikwenda. Kweli nilikwenda! Karatasi mkononi mpaka kwa mama mdogo. Akanizungushia mkono begani, akasema kwenye maiki: bila huyu binti ramani isingekuwepo. Makofi. Akaniwekea maiki mdomoni — sema chochote, mwanangu.

Nikasema asanteni.

Asanteni!! Nikakimbilia hapa.

Ishirini na nane. Wanahesabu kama wimbo.

Amebaki Tope. Hana maiki, hana wageni, yuko peke yake kwenye vyuma vyake. Akiiona hiyo alama atazima mashine palepale, najua. Na palepale meya atauliza nani alihakiki. Mama mdogo amevaa viatu vipya leo.

Thelathini na moja.

Karatasi imelowa jasho. Tatu imeanza kufutika. Alama haijafutika.

Thelathini na mbili. Bibi kaniona. Ananipungia, anaonyesha nafasi pembeni yake, ukutani — njoo ukae, utachoka na jua.

Mashine inanguruma, kwa Tope pale kunong'ona hakusaidii. Itabidi nipige kelele. Mimi. Mbele ya watu wote hawa.

Thelathini na nne. Miguu imesimama, mimi bado naandika. Mama mdogo ananitazama, anatabasamu. Nisamehe mama mdogo, naiweka kalamu, nakimbilia kwa Tope.