Kilima Kinachoitwa Volen

Mtaa wa Ukingoni,
Volensk, mtoni Vyatka.
19 Agosti.

Mpendwa Mjomba Eshplat,

Shikamoo. Vipi baridi ya Surgut, na kifua chako kimepona? Mama na mimi tu wazima. Bibi pia ni mzima, ila ndiye anayeninyima usingizi.

Unaukumbuka ufa wa nyuma ya bafu la mvuke la Bibi? Barafu ya mto ilipovunjika mwaka huu, ufa uliingia kwenye shamba lake la viazi. Sasa mkono wangu unazama humo mpaka kwenye kiwiko. Ua wa jirani Pashkov umeshakwenda mtoni. Sisi huku ghorofani, upande wa stesheni, tuko salama. Mama yenu amebaki peke yake ukingoni na bata bukini wake.

Jumamosi ilikuwa Sikukuu ya Mji. Tamara Lvovna, mwalimu wa historia, alinichagua mimi nisome historia ya Volensk uwanjani. Mimi, Mjomba, ninayejificha hata muuza mkate akiniuliza jina! Karatasi ilisema jina la mji limetokana na neno la Kirusi la uhuru, volya, kwa kuwa waliotoroka mabwana zao ndio waliojenga hapa. Nilipofika hapo niliishusha karatasi. Mara nikajisikia nikisema kwamba kabla yao sisi Wamari tulikiita kilima hiki Volen, yaani kilichoporomoka, na kwamba bado kinaporomoka.

Kisha mtu akapaza sauti, "Haya jamani, shikeni kofia, tunaporomoka!" Wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, halafu nikaogopa kwamba nimewaza hivyo.

Nilikimbilia kwa Bibi. Habari ilikuwa imenitangulia.

"Umekitaja kilima mbele za watu," akasema, akichambua uyoga. "Sasa kitaitika."

"Bibi, twende kwetu."

Nilisema kwa Kirusi, akajitia uziwi. Nikarudia kwa Kimari.

"Kimari chako kinanuka chaki ya shule, mjukuu wangu."

"Acha kinuke! Twende!"

"Na jiko alilojenga marehemu babu yako? Lishuke mtoni peke yake?"

Nakuungamia jambo ambalo Mama halijui. Mvua ikinyesha, huwa naomba nyumba yake iende mtoni Bibi akiwa sokoni, basi yaishe. Kisha najiona mchawi.

Unakumbuka alivyokuwa akikuita utotoni, na baadaye mimi, tushuke kutoka kitanda cha juu ya jiko, penye joto? "Volo!" Shuka! Ni mzizi uleule wa jina la kilima. Jana nilisimama getini nikamwita hivyo, kwa sauti kubwa kuliko ya uwanjani. Akatoka mlangoni akifuta mikono. Hakunitania.

"Neno hilo niliwaitia wanangu," akasema. "Kama ni kuitwa, aje Eshplat aniite."

Basi njoo, Mjomba, kabla ya mvua za Septemba. Mimi nimeita mpaka nimekauka koo.

Nisalimie mkazamjomba Oksina na mwanao, mdogo wangu Toktai. Mungu Mkuu Mweupe wa mababu zetu akufungulie njia, na ardhi itusubiri mpaka ufike.

Mpwa wako akupendaye,
Aivika