Nilimpima binti yangu akiwa amelala

Mpendwa mshauri Bi Faudhia, shikamoo. Naomba msaada wako, na ukiweza unijibu kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu mwanangu Naila anakwenda kuanza chuo Kibaha na mimi nimeficha blauzi yake kwenye pipa la mahindi na yeye anaitafuta nyumba nzima.

Mimi ni mama wa Msimbu, Kisarawe, shule niliishia darasa la nne lakini cherehani nakijua, nashona magauni ya vitenge na sare za watoto. Tulipokwenda Kibaha kukiangalia hicho chuo nilipita kwenye mitumba nikaona bahasha ya karatasi za kukatia blauzi, zile za dukani zenye picha ya msichana juu na maandishi ya Kizungu, nikaipenda picha, na kitambaa cha kuvutika kama cha tisheti nikakipata hapohapo, cheupe rangi ya maziwa, nikasema nitamshonea bila yeye kujua.

Sasa kosa langu ni hili. Ili asijue, nilimpima akiwa amelala. Alitoka kwenye mihogo saa nane mchana, kajilaza chali mkekani, nikachukua kamba nikampima bega mpaka nyonga, kifua, mikono yote miwili, kila ninapofika nafunga fundo, na nafunga fundo la mwisho tu mama mkwe wangu Bi Swaumu akatokea mlangoni, na yeye ndiye anayeosha maiti za wanawake hapa kwetu. Akaitazama kamba, akasema, "Mama Naila, huyo unampima au unamuaga?" Nikamwambia mama, nampimia blauzi. Akasema, "Sisi tukimpima mtu kwa kamba amelala, kamba hiyo haibaki juu ya ardhi." Akaenda zake kuchambua mchicha.

Nilipozikunjua zile karatasi nikakuta zimeshakatwa na mtu. Nikazilinganisha na kamba yangu fundo kwa fundo, zikaenea kila mahali, nikafurahi. Ila karatasi ya mkono mmoja ilikuwa ya dukani na ya mkono wa pili mtu kaikata mwenyewe kwenye gazeti la lugha nisiyoijua, fupi kwa vidole viwili, na juu yake kaandika L kwa kalamu. Bi Faudhia, Naila alivunjika mkono akiwa na miaka sita ukaunga vibaya, ni mfupi kwa vidole viwili. Ni wa kushoto. Na L ni kushoto, nilimuuliza Naila mwenyewe bila kumwambia sababu.

Nikashona hivyohivyo. Akisimama inambana, hawezi hata kunyanyua mikono, lakini akilala chali inamkaa vizuri kabisa. Nikaifua, nikaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Asubuhi imerefuka. Kesho yake imerefuka tena. Ilikuwa inaishia nyongani, sasa inakaribia magoti, nyeupe ile, ukifungua mlango utadhani kuna mtu kasimama anakusubiri. Juzi nikaitafuta ile kamba niifukie, nikaikuta imefunga godoro lake la hosteli.

Naila ananicheka, anasema, "Mama, kama blauzi zinaua, Kariakoo kungebaki mtu?" Mimi sicheki. Nimemwambia chuo asiende mwaka huu, na tangu jana hajanisemesha. Je, niichome? Nimzuie? Ninaye huyu mmoja tu.

Mama Naila, Msimbu.

JIBU

Mama Naila, marahaba. Kwanza itoe hiyo blauzi kwenye pipa, mahindi hayana kosa.

Kitambaa cha namna hiyo kina upande unaovutika sana na upande unaovutika kidogo. Kwenye zile karatasi kuna mshale unaoonyesha kitambaa kilazwe vipi. Wewe uliangalia picha, mshale ukauacha, ukalaza kitambaa visivyo. Sehemu ya kuvutika imekwenda juu na chini badala ya kuzunguka kifua. Ndiyo maana inambana akisimama na kupumua kama mtu aliye hai, na ndiyo maana inarefuka, tena uliitundika mbichi. Nguo ya hivyo hukunjwa, haitundikwi. Na kamba imefunga godoro kwa sababu mwenye godoro alihitaji kamba.

Hofu yako naielewa, mimi pia ni mama. Lakini usimfungie mtoto ndani halafu ukasingizia kitambaa. Ulianza kuogopa siku mlipokwenda kukiona chuo, kabla hujaiona hiyo bahasha.

Lile gazeti la mkono wa kushoto ndilo nisiloweza kukueleza. Nimeisoma barua yako mara tatu. Mahali fulani kulikuwa na mtu mwenye mtoto kama wako, kila kipimo, akampenda hata mkono wake mfupi akaukatia karatasi yake peke yake. Kwa nini karatasi hizo ziliachwa zikafika sokoni, sijui, na wewe usiende kumuuliza muuzaji.

Fanya hivi. Mpe Naila kamba nyingine ya godoro. Ile yenye mafundo izungushie bahasha na karatasi zote, gazeti likiwemo, mwombe Bi Swaumu mkazifukie pamoja. Sikuambii kwa sababu naamini. Nakuambia kwa sababu mkwe wako atatulia na wewe utapata usingizi.

Halafu Jumapili asubuhi, baada ya chai, mwite Naila uani, bibi yake akiwa amekaa hapo. Mpime kwa futi, amesimama, macho wazi. Ile blauzi usiichome, ila kata nyingine kwa kitambaa kipya, mvutiko uzunguke kifua. Atakuambia shingo ni ya kizee, atakuambia mikono hiyo hawavai tena, mtabishana mpaka jua liwe kali. Mwache abishe. Jumatatu mpeleke chuo.

Na ukishikwa na woga tena, muulize Bi Swaumu: katika wote aliowahi kuwapima yeye, nani alibisha?