Tanuri Ambalo Neema Hajalifungua

Mke wangu Mama Neema,

Tangu asubuhi sikai. Natoka uani, narudi sebuleni, nashika simu, naiweka. Binti yetu yuko maabara kule Mbeya, na ndani ya tanuri lake mna maranda ya paini ya mwisho, katika yale uliyoyakausha mwenyewe Mafinga kabla hujatutoka. Aliyoyaoka kwanza yaligeuka majivu, hewa ilipenya. Haya nayo yakiungua, hakuna mengine ya mkono wako.

Najua ungeniambia, "Mwalimu, hebu eleza kama unaongea na mtu." Basi ni hivi. Haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote. Kuiweka kwenye mtungi ni kuibana kwa nguvu nyingi ndani ya chuma kizito. Neema anatafuta kitu kigumu, lakini chepesi, cha kuihifadhi: mkaa. Anaoka maranda bila hewa, mkaa unaotoka anautia dawa kali, anauoka tena, mpaka ujae vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukipozwa sana, gesi inanata kwenye kuta za vitundu hivyo. Ukipata joto, inaachia.

Nakukumbuka kwenye tanuri lako la kuchomea mkaa wa mabanzi ya mbao, udongo hadi viwikoni, unaziba kila penye moshi. Lori la mteja lilikuwa linanguruma, na mdogo wangu anakuhimiza ufungue. Ukaweka mgongo wa mkono juu ya udongo.

"Bado lina homa."

"Lipe dawa basi, shemeji, tuondoke!"

"Shemeji, kama unataka majivu, yapo jikoni kwako. Beba bure."

Lori likaondoka tupu. Kesho yake mkaa wako, ukigongwa, ulilia kama chungu.

Sijui kama uliwahi kumwonyesha Neema. Mimi sikumfundisha, nilimfundisha kemia tu.

Mchana huu nimeshindwa kuvumilia, nikapiga.

"Mwanangu, umefungua?"

"Bado, Baba. Wenzangu wanasema limepoa vya kutosha, wamenisimamia hapa. Lakini nimeligusa."

"Umeligusaje?"

"Kwa mgongo wa mkono. Bado lina homa."

Nikakata simu bila kuaga.

Kama mkaa huo utashika gesi, sijui; utapimwa kwanza. Ila nilikuwa nadhani maranda yale ndiyo kitu cha mwisho cha mkono wako.

Pumzika. Mimi narudi uani kuzunguka.

Mumeo,
Baba Neema
Ipogolo